Vijibwa vinne ndani ya boksi la mafuta ya kula

Simu iliingia saa mbili usiku, Jumamosi ya mwezi wa saba, wakati ule ambao hapa Uyole, Mbeya, hakuna anayetoka nje bila koti na watani wetu wa Kyela wanapita wakitetemeka kwa makusudi. "Daktari, mbwa nimepata. Jemani Shepadi, dume, miezi miwili. Jumatatu upite umchome chanjo."

Mpigaji ni mwalimu wa sekondari, tunakaa mitaa ya jirani. Wiki mbili kabla ya hapo wezi walipita nyumbani kwake wakaondoka na pampu ya maji na kuku kumi na mmoja. Asubuhi ya wizi alinipigia akiuliza mbwa gani ni mkali. Nilikuwa juu ya bodaboda nawahi ng'ombe aliyekwama kuzaa, nikamjibu kwa kelele za upepo kwamba Jemani Shepadi ni mbwa mzuri, ila aangalie anakomtoa. Aangalie nini, sikumwambia. Ndiyo maana uchambuzi huu wa namna alivyonunua mbwa haumhusu mwalimu peke yake.

Niseme pia kwamba hilo la "daktari" ni heshima ya mtaani tu. Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo, na kwa sheria yetu watu wa ngazi yangu tunafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Tena ni Mhehe, kwa hiyo utani wote wa Mhehe na mbwa nimeshausikia, usijisumbue kunitumia.

Namna alivyonunua alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa ametoka Mwanjelwa kununua misumari na kufuli jipya. Kando ya barabara kuu amesimama kijana na boksi la mafuta ya kula, ndani vijibwa vinne vyeusi vyenye miguu ya kahawia vimelaliana kwa baridi. Bei ilianzia laki tatu, ikashuka hadi laki moja na nusu. Mama yao, kijana alisema, yuko Dar es Salaam, na baba ni mbwa wa polisi aliyestaafu. Kwenye simu akaonyesha picha ya mbwa mkubwa aliyekaa juu ya nyasi zilizokatwa vizuri. Kadi za chanjo zingekuja na basi wiki inayofuata. Biashara yote haikufika dakika kumi.

Mwaka uliopita mtu huyuhuyu alitaka kununua pikipiki iliyotumika. Alizunguka na fundi wiki tatu, akapiga kiki pikipiki tano, akaulizia kadi na mwenye jina kwenye kadi, na mbili alizikataa kwa sababu ya mlio wa injini. Pikipiki angeiuza baada ya miaka mitatu. Mbwa akitunzwa anaishi miaka kumi na zaidi, na analala mlangoni mwa watoto wako. Simcheki. Wengi wetu ndivyo tunavyonunua mbwa: jana umeibiwa, hasira haijapoa, na leo anayeuza kasimama njiani.

Jumatatu nilimpima kijibwa juu ya stuli ya jikoni. Kilo mbili na kidogo. Tumbo limejaa kama ngoma, miguu ya nyuma bado inayumba. Nikamfungua mdomo. Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno ya mbele huanza kutokeza kati ya wiki ya tatu na ya tano, kisha chonge, na magego yake ya utoto huendelea kujipanga hadi kufikia wiki ya nane hivi, anapokuwa na meno 28 kamili. Huyu alikuwa na ya mbele na chonge nne kali kama sindano ya cherehani, lakini ukipitisha kidole nyuma ya taya unakuta ufizi mtupu na kivimbe kimoja tu kinachotaka kuchomoza.

"Mwalimu, huyu hana miezi miwili. Ni wiki tano, zikizidi sana tano na siku."

Bibi yake mwalimu, mama mtu mzima wa Tukuyu aliyekuja kupunga upepo na akakuta baridi, alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa. Alisema bila kugeuka, "Mimi tangu jana nawaambia, huyo ananuka maziwa."

Suala la Jemani Shepadi nililiacha. Kwa umri ule masikio yamelala kwa mbwa wengi, na ya Jemani Shepadi halisi huchukua miezi kadhaa kusimama. Rangi nyeusi na kahawia iko kwenye mbwa wa kienyeji wengi tu wa Mbeya. Mwalimu alikuwa amelipia picha iliyo kwenye simu.

Sasa kosa langu. Nilikuja na kibebeo chenye barafu, chanjo ya mseto (ya magonjwa kadhaa kwa pamoja) ndani yake, na familia nzima imesimama inasubiri sindano. Kurudi bila kuchoma kungeonekana kama nimekuja kutembea. Nikampa dawa ya minyoo, nikamchoma chanjo, nikalipwa, nikaondoka.

Kijibwa cha wiki tano, kimetolewa kwa mama yake, kimesafiri kwenye boksi, kina minyoo na baridi, kilitakiwa kwanza kutulizwa, kupewa joto na chakula laini, na kuangaliwa. Chanjo za mseto kwa kawaida huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki ya 16. Zinarudiwa kwa sababu ya kinga ya mama. Kijibwa hupata kinga hiyo kwenye dang'a, maziwa ya mwanzo, na ikiwa bado ina nguvu mwilini inaifuta chanjo. Ikishapungua anabaki wazi. Siku yenyewe ya kupungua haijulikani na inatofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana unachoma tena na tena hadi kipindi hicho kipite. Haya yote nayajua. Lakini lile nililopaswa kulisema pale jikoni sikulisema: "Inawezekana ameshaambukizwa hukohuko alikotoka. Nikimchoma leo, chanjo haitawahi."

Jumatano jioni aliacha kula. Usiku akatapika povu la njano. Alhamisi alfajiri mwalimu aliniita. Nilipofungua tu mlango wa stoo harufu ilinijibu kabla sijamwona mbwa. Aliyewahi kuuguza parvo anaijua ile harufu, ya damu iliyooza iliyochanganyika na kitu kitamu kinachokera. Kuhara kulikuwa kwekundu. Nikivuta ngozi ya shingo inabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa wanga.

Parvo ni kirusi, na dawa ya kukiua ndani ya mbwa mimi sina. Unachofanya ni kumshikilia: maji ya dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki ili bakteria wa utumbo uliochubuka wasiingie kwenye damu, na joto. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1978, ukaenea duniani ndani ya muda mfupi sana, na bado unawamaliza watoto wa mbwa kila mahali chanjo isipofika. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili mara nyingi ni siku tatu hadi saba. Hesabu: alinunuliwa Jumamosi, akaugua Jumatano. Huenda alishaupata kabla ya kununuliwa, au ndani ya boksi lile. Chanjo yangu ya Jumatatu ilimkuta ugonjwa umeshaingia.

Nilimwekea dripu chini ya ngozi, mshipa wa mkono haukuonekana. Shemeji, mkewe mwalimu, akaniambia kwa aibu kwamba usiku walimpa OTC, antibayotiki ya kuku, kwenye maziwa. Sikuwa na haki ya kumlaumu mtu siku hiyo.

Ijumaa usiku alikufa. Mwalimu akamzika usiku uleule nyuma ya mahindi makavu, watoto wasione. Jumamosi asubuhi nilipofika alinipokea nje ya geti, hakunikaribisha ndani. "Daktari, mbwa alikuja anacheza. Umemchoma, siku mbili tu kaanza kufa."

Nilimweleza kuhusu siku za kuambukizwa. Alinisikiliza kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi aliyekuja bila daftari. Hadi leo nadhani anaamini nusu. Na ile nusu nyingine nimejitakia, kwa kuwa maneno yangu yaliyokuja baada ya mbwa kufa yalikuwa yanahitajika kabla ya sindano.

Nilikuwa naondoka mtoto wa darasa la tatu alipotoka kuchota maji. Kwenye kidole cha shahada kafunga kipande cha kanga.

"Umeumia nini?"

"Papi aliniuma. Nilikuwa namnywesha maji."

Lini? Jumatano. Ilitoka damu? Kidogo. Walimwosha? Walimfuta.

Hapa kisa kikageuka. Kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo kubwa kuliko kifo cha kijibwa, na ni sehemu ambayo mtu anayenunua mbwa barabarani haifikirii kabisa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani hadi asilimia 99 ya wagonjwa wake wameambukizwa na mbwa. Mtu akiumwa na mbwa anayeonekana mzima, kuna utaratibu wa kumwangalia mbwa huyo siku 10. Kirusi hutoka kwenye mate siku chache tu kabla ya mbwa kuonyesha dalili, kwa hiyo akibaki mzima siku 10 zote unajua siku ile aliyouma mate yake hayakuwa nacho. Wa kwetu aliuma Jumatano, Ijumaa kafa. Hakuna cha kuangalia.

Ilikuwa parvo? Kwa macho yangu na pua yangu, ndiyo. Lakini kipimo sikuwa nacho, na mbwa mmoja anaweza kubeba mawili. Chanjo ya kichaa kwa kawaida mbwa huipata akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo kijibwa cha wiki tano hakina kinga ya kwake. Kinga yake ni mama yake na uzio wa nyumba alikozaliwa. Mama alichanjwa? Aliumana na mbwa mwingine mwezi uliopita? Ndugu zake wako wazima? Maswali matatu mepesi, ambayo jirani anayekupa mbwa anakujibu huku anakamua ng'ombe. Sisi hatukuwa na wa kumwuliza. Tulikuwa na picha ya nyasi.

Uhakika ungepatikana kwenye ubongo. Sampuli za kanda yetu zina njia yake kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye kituo Iringa, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapa. Mbwa alikuwa ameshakaa ardhini usiku mzima, na mtoto hawezi kusubiri barua ya maabara. Nikamwambia mwalimu: kidole kioshwe sasa hivi, maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 ukiangalia saa, kisha hospitali leo. Kuosha ilitakiwa kufanyika Jumatano, lakini kuchelewa si sababu ya kuacha. Tulimwosha pale bombani. Dakika 15 ni ndefu mno kwa mtoto kwenye maji ya Uyole ya mwezi wa saba. Bibi yake mwalimu alimwimbia kwa Kinyakyusa mpaka ya 11, pumzi ikamwishia, tukamalizia kwa kuhesabu.

Dozi za mtoto za chanjo ya kichaa zilianza siku hiyo, siku ya sifuri kwa hesabu ya hospitali, kisha ya tatu, ya saba, na ya mwisho baadaye. Ukijumlisha dozi, nauli, dripu na dawa, zile laki moja na nusu zilishapitwa. Mtoto hajambo.

Jambo dogo ambalo wengi wanalidharau: kijibwa aliyebaki na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane hufundishwa kuuma. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akimng'ata mama wakati wa kunyonya, mama anasimama na kuondoka. Anajifunza kiasi. Aliyetolewa wiki ya tano darasa hilo hajaingia, na vidole vya watoto ndivyo vinavyogeuka ubao wake.

Baada ya wiki mwalimu alinipigia tena. Nilidhani ni lawama nyingine. Alitaka mbwa. Mara hii aliuliza, "Nianzie wapi?"

Nilianzia mbali na mbwa. Nilimwomba anionyeshe wezi walikopita. Ilikuwa upande wa michongoma, penye pengo la kupitisha mtu na pampu yake bila kuinama. Siku hiyohiyo tulinunua mbao sita. Kisha nikamwuliza nani atamlisha mbwa familia nzima ikienda msibani Rungwe siku nne, atakula nini mwisho wa mwezi mshahara ukichelewa, na atalala wapi mvua za Machi zikikaza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama chakula, maji, malazi na matibabu. Kufungwa mnyororo wa mita moja kwenye tope tangu asubuhi, kama ninavyokuta nyumba nyingi tu za watu wa heshima, sidhani kama ndiko kutunza kulikokusudiwa.

La pili ni udongo. Kirusi cha parvo hukaa ardhini miezi mingi, penye kivuli na unyevu hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu ya stoo tulisugua, kisha tukaimwagia Jik, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, ikakaa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Bustani huwezi kuimwagia Jik. Kijibwa kingine kwenye uwanja ule kingekuwa cha kafara. Alihitaji mbwa mkubwa, mwenye chanjo.

Alitaka bado Jemani Shepadi, na nilimheshimu: wapo wafugaji wazuri, na dalili yao ya kwanza ni kwamba wanakuita uje nyumbani umwone mama, na wanakuuliza maswali kuliko unavyowauliza wewe. Akipendekeza mkutane stendi, achana naye. Ila kwa wizi wa kuku na pampu, mimi nilimshauri kienyeji. Mwizi wa mtaani hakai kupima uzao wa mbwa, anachoogopa ni kelele inayomwamsha mwenye nyumba. Mbwa wa kienyeji anabweka kwa bei ya ugali na dagaa, na baridi ya Mbeya ameizoea tangu enzi za babu zake. Ila chanjo anazihitaji sawasawa na yule wa bei.

Alipatikana kwa mtumishi aliyehamishiwa Dodoma. Jike la miaka miwili, rangi ya udongo, sikio moja limechanika, jina lake Hayakuhusu. Alikuwa na kadi yenye chanjo mbili za kichaa. Ya mwisho alichomwa kwenye kampeni ya Septemba, karibu na tarehe 28 ambayo dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Mwalimu alikwenda kumwona mara tatu kabla ya kumchukua, kama pikipiki. Chanjo ya mseto nilimchoma hukohuko kwao, na tukasubiri wiki mbili ndipo akakanyaga uwanja wenye parvo. Daktari aliyesajiliwa alimfunga kizazi, maana jike likiwa kwenye joto madume ya Uyole yote yanahamia getini, na baada ya siku 63 hivi nawe una boksi la kutafutia wateja.

Siku tatu za kwanza hakula. Usiku wa nne mtoto alisahau komeo, mbwa akatoka. Mwalimu akatembea na tochi kilometa mbili hadi nyumba ya zamani, akamkuta ameketi mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli, ndani hakuna mtu. Akakaa naye pale chini kama nusu saa, aliniambia, kwa sababu alikataa kunyanyuka na yeye hakutaka kumvuta. Mtoto amekaa mwezi mzima bila kumgusa. Sasa anamtupia dagaa kwa mbali.

Vile vijibwa vingine vitatu havikunitoka kichwani. Namba ya muuzaji mwalimu alikuwa nayo. Nilimpigia bila ukali, nikamwambia shida yangu ni wanunuzi wengine, si yeye. Kijana alinyamaza, kisha akafunguka: alivinunua elfu arobaini kimoja kwa mtu aliyeshuka kwenye basi, akisema vimetokea upande wa Makambako. Mama yao hajawahi kumwona. Picha alitumiwa.

Kilichouzwa Mbalizi kilikufa siku moja na cha mwalimu, na pale hakuna aliyeumwa. Cha Iyunga kiliharisha, kikapona, nimeshakichanja mara mbili na masikio hayajasimama hata kidogo. Cha nne kilinunuliwa na dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Tunduma. Namba yake kijana hakuchukua.